Kivu Kaskazini: Vita vimefunga barabara, lakini maktaba ya daktari bado inaweza kufunguka

Kwa daktari wa Kiwanja au wa Goma anayesomea ubingwa, swali gumu la mwaka wa mwisho si mtihani peke yake. Ni hili: kazi ya utafiti itafanyika wapi, na takwimu zitatoka wapi?

Kabla ya vita kufika mjini, njia ilijulikana. Mwanafunzi alichagua ugonjwa, akapanda gari, akapita katika vituo vya zoni za afya tatu au nne, akahesabu mafaili ya wagonjwa, kisha akarudi kuandika. Lakini mwishoni mwa Oktoba 2022 kundi la M23 liliteka Kiwanja na Rutshuru-kati, na mwishoni mwa Januari 2025 Goma nayo ikaanguka. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, mabenki nayo yakafunga milango. Leo daktari wa Kiwanja na mwenzake wa Butembo, walio kwenye barabara kuu moja, wametenganishwa na mstari wa mapigano.

Katika hali hiyo ipo aina moja ya utafiti ambayo haimwombi mtu avuke mstari huo, wala kusafirisha damu ya mgonjwa hadi maabara ya mbali. Inaitwa mapitio ya kimfumo. Mtafiti anachagua swali moja la matibabu, anatafuta tafiti zote zilizokwisha kufanywa juu yake duniani, anazipima moja baada ya nyingine, kisha anatoa jibu lenye uzito kuliko la utafiti mmoja pekee.

Kinachohitajika ni maktaba. Na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu maktaba hiyo ipo, sehemu kubwa yake ni ya bure kwa Kongo, lakini madaktari wengi vijana hawajapewa ufunguo.

Si kusoma vitabu vichache na kufupisha

Watu wengi hudhani kazi ya maktaba ni njia ya mvivu. Mwanafunzi anafungua Google, anachukua makala kumi zinazokubaliana naye, anazifupisha, na sura ya kwanza ya kazi yake imekwisha. Hayo si mapitio ya kimfumo.

Mapitio ya kimfumo yana sheria zake. Swali huandikwa kabla ya kuanza kutafuta, pamoja na mpango wa kazi nzima: tafiti za aina gani zitapokelewa, zipi zitakataliwa na kwa nini. Mpango huo unaweza kusajiliwa katika daftari la kimataifa liitwalo PROSPERO, lililofunguliwa mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha York, Uingereza. Usajili huzuia mtu kubadilisha swali katikati ya njia baada ya kuona majibu hayampendezi. Kazi ikiisha, ripoti hufuata orodha ya vipengele 27 inayojulikana kama PRISMA, iliyorekebishwa mwaka 2020. Kila makala iliyotupwa baada ya kusomwa nzima lazima itajwe sababu ya kutupwa kwake.

Kazi hii haina haraka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, uliopima mapitio 195 yaliyosajiliwa PROSPERO, ulikuta kwamba moja lilichukua wastani wa wiki 67 hadi kuchapishwa, likiwa na wastani wa waandishi watano. Kwa hiyo profesa msimamizi anayemwambia mwanafunzi afanye mapitio ya kimfumo peke yake kwa miezi mitatu anamtuma shambani bila jembe.

Chimbuko la mtindo huu ni daktari wa Uingereza, Archie Cochrane, ambaye mwaka 1972 alilalamika kwamba waganga wanatumia dawa bila kujua zipi zimethibitishwa. Mwaka 1993 mtandao wenye jina lake ulianzishwa Oxford, na mapitio yake sasa ni kati ya yanayoaminiwa zaidi duniani.

Mfano ulio karibu: Malaria ya watoto

Wodi ya watoto ya hospitali kuu ya Rutshuru, jirani na Kiwanja, inaijua vizuri malaria kali. Kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa kinini ya mishipa. Mwaka 2005 utafiti wa Asia wa wagonjwa 1,461, wengi wao watu wazima, ulionyesha kwamba artesunate inaokoa zaidi. Lakini madaktari wa Afrika waliuliza swali la haki: je, ni hivyo hivyo kwa watoto wetu?

Jibu lilikuja mwaka 2010. Utafiti uitwao AQUAMAT uliwapokea watoto 5,425 katika vituo 11 vya nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo. Kati ya waliopewa kinini walikufa asilimia 10.9, kati ya waliopewa artesunate, asilimia 8.5. Baada ya hapo, mapitio ya Cochrane yaliunganisha tafiti zote za Asia na Afrika na kuonyesha kwamba dawa hiyo mpya inapunguza vifo kwa wakubwa na kwa watoto. Shirika la Afya Duniani, OMS, likaipendekeza kwa wote. Leo muuguzi anayechanganya artesunate usiku anatekeleza jibu lililopatikana kwa njia hiyo, hata kama hajawahi kusikia jina la mapitio ya kimfumo.

Mfano wa pili unauma. Mtoto akifika katika hali ya mshtuko, mikono baridi na pumzi za haraka, kwa muda mrefu mafundisho kutoka nchi tajiri yalisema apewe maji mengi ya mishipa kwa haraka. Mwaka 2011 matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika kwa watoto zaidi ya 3,000 katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, yalishtua wengi. Ndani ya saa 48, kati ya watoto waliopewa maji kwa haraka walikufa zaidi ya asilimia 10. Kati ya wasiopewa walikufa asilimia 7.3. Desturi iliyoaminiwa kuwa msaada ilikuwa inaua.

Daktari asiyepata makala kama hiyo hatakuwa na kosa la moyo. Atafanya alichofundishwa. Lakini mtoto atalipa.

Beni na Butembo zilivyoandika jibu la Ebola

Kivu Kaskazini yenyewe imekwisha kuupa ulimwengu jibu la aina hii. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 1, 2018, ukaisha Juni 25, 2020, ulikuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Katikati ya mlipuko huo, na katikati ya mashambulizi dhidi ya vituo vya matibabu, wataalamu wa Kongo wakiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB walifanya utafiti wa dawa nne katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina.

Wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura katika makundi manne. Kufikia Agosti 2019 ilionekana wazi kwamba dawa mbili zinashinda nyingine. Kati ya waliopewa REGN-EB3 walikufa asilimia 33.5, na kati ya waliopewa mAb114, iliyotengenezwa kutokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, walikufa asilimia 35.1. Kwa dawa nyingine mbili, ZMapp na remdesivir, vifo vilikuwa karibu nusu ya wagonjwa.

Kilichofuata ndicho kinachohusu maktaba. OMS haikutangaza mwongozo kwa kusoma utafiti huo pekee. Wataalamu walifanya mapitio ya kimfumo, wakakuta ni majaribio mawili tu ya kura yaliyofaa duniani kote: lile la Kivu, na jingine dogo la wagonjwa 72 lililofanywa wakati wa mlipuko wa Afrika Magharibi. Agosti 2022 OMS ikatoa mwongozo wa kwanza wa dawa za Ebola: mbili zitumike, mbili zisitumike.

Kwa maneno mengine, mwongozo unaotumika duniani umesimama kwa sehemu kubwa juu ya wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Ni haki daktari wa mkoa huo huo aweze kuusoma utafiti huo na kuupima mwenyewe, asingoje kuletewa muhtasari kutoka Geneva.

Ufunguo uko kwa taasisi

Je, daktari huyo ataupata wapi?

Mlango wa kwanza ni PubMed, orodha ya serikali ya Marekani ya makala za tiba, iliyo wazi kwa kila mtu tangu mwaka 1997. Ina makala zaidi ya milioni 36. Lakini PubMed ni orodha, si rafu. Mara nyingi humpa msomaji muhtasari tu, na akibofya ili asome makala nzima, anaombwa dola 30 au zaidi. Kwa daktari wa Kiwanja, makala tatu za namna hiyo ni fedha za chakula cha familia.

Mlango wa pili ndio usiojulikana vya kutosha. Januari 2002 OMS pamoja na wachapishaji wakubwa walianzisha HINARI, mpango unaozipa nchi maskini maelfu ya majarida ya tiba. Kongo iko katika kundi la kwanza, lile ambalo halilipi chochote. Chuo kikuu, shule ya wauguzi, hospitali, ofisi ya afya ya serikali na hata shirika la kiraia la humo nchini vinaweza kusajiliwa.

Sharti ni moja, na ndilo linalowakwamisha wengi: HINARI haimpi ufunguo mtu binafsi. Humpa taasisi, na taasisi huwagawia wafanyakazi na wanafunzi wake. Kwa hiyo daktari anayejaribu kujiandikisha mwenyewe hukataliwa, akadhani mpango si wa Wakongo. Mwingine anasoma katika taasisi iliyosajiliwa zamani, lakini neno la siri limebaki kwa mtu mmoja aliyekwisha kuhama. Katika hali zote mbili maktaba ipo lakini mlango umefungwa kwa ndani.

Kuna milango mingine isiyohitaji ufunguo. PubMed Central, iliyoanza mwaka 2000, huhifadhi makala nzima za bure. AJOL ya Afrika Kusini, tangu 1998, inakusanya majarida ya Afrika. Pan African Medical Journal huchapisha kwa Kifaransa na Kiingereza bila kumtoza msomaji. Maktaba ya Cochrane nayo iko wazi kwa nchi zenye kipato cha chini.

Hisani hii ina mpaka wake. Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliondoa ghafla majarida zaidi ya 2,000 kwa Bangladesh ndani ya HINARI, wakidai kwamba wameanza kupata wanunuzi huko. Kelele zikapigwa, wakarudisha. Mwaka 2019 POPLINE, hifadhi kubwa ya makala za afya ya uzazi, ilifungwa baada ya fedha za Marekani kukatika. Na Februari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wa DHS, ambao tafiti zake za kaya, zijulikanazo Kongo kama EDS, zimekuwa msingi wa kazi nyingi za wanafunzi. Anayekunywa kwenye kisima cha jirani asisahau kuchimba cha kwake.

Mtu anayesahaulika: mkutubi

Hata mlango ukifunguliwa, bado kuna kutafuta. Hapo ndipo mkutubi, yaani mtunza maktaba, anakuwa na thamani ambayo vyuo vingi havimpi. Wengi humwona kama mtu wa kufungua kabati na kupiga muhuri. Katika mapitio ya kimfumo, yeye ndiye anayejenga wavu. Wavu wenye matundu makubwa hupitisha samaki, na mtafiti hatajua alichokikosa.

Chukua swali ambalo lina uzito kwa Goma na Rutshuru, ambako kipindupindu hakiishi: je, dozi moja ya chanjo ya kunywa inatosha? Swali hili si la darasani tu. Oktoba 2022, kwa sababu chanjo zilipungua duniani, kundi la kimataifa linalosimamia akiba lilisimamisha mtindo wa dozi mbili katika milipuko na kuruhusu dozi moja.

Mwanafunzi akiandika maneno mawili tu, "kipindupindu" na "Kongo", kwa Kiingereza, atapata kitu. Mkutubi mwenye ujuzi atamuuliza: Umetafuta kwa Kifaransa pia? Umeweka majina ya chanjo zenyewe? Umetumia maneno rasmi ya MeSH, ambayo taasisi ya Ufaransa INSERM imeyatafsiri? Na je, umekumbuka kuandika "Zaïre"?

Swali hilo la mwisho si mzaha. Julai 1994 kipindupindu kiliingia katika kambi za wakimbizi wa Rwanda kandokando ya Goma, na karibu watu 50,000 wakafa kwa kipindupindu na magonjwa mengine ndani ya mwezi wa kwanza. Taarifa maarufu ya kisayansi juu ya msiba huo ilitoka mwaka 1995 katika jarida la The Lancet la London. Kichwa chake kinataja Goma, Zaire. Anayetafuta kwa jina la nchi la leo pekee anaweza kuupita msiba mkubwa zaidi uliowahi kuandikwa juu ya mji wake.

Wavu ukifumwa vizuri, utavuta pia kazi ya Didier Bompangue na wenzake ya mwaka 2008, iliyoonyesha kwamba milipuko ya kipindupindu ya mashariki mwa Kongo huanzia katika miji ya maziwa. Utavuta utafiti wa Dhaka, Bangladesh, uliokuta kwamba dozi moja ilizuia asilimia 40 ya kipindupindu kwa jumla, huku kwa watoto chini ya miaka mitano kinga ikishindwa kuonekana wazi. Na utavuta utafiti wa Uvira, Kivu Kusini, uliochapishwa mwaka 2024 kwa ushiriki wa watafiti wa Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu. Huko dozi moja ilikuwa na nguvu ya karibu asilimia 53 kati ya mwezi wa 12 na wa 17, na karibu asilimia 45 kati ya miezi 24 na 36.

Mbona Uvira imetoa jibu zuri kuliko Dhaka? Watu wa Uvira wana kinga ya asili ya ugonjwa wa kila mwaka? Vipimo vilikuwa tofauti? Mmoja ulikuwa wa kura na mwingine wa kulinganisha wagonjwa na majirani zao wazima? Kuuliza hivyo ndiyo kazi yenyewe ya mapitio. Na hakuna anayefaa kuyauliza zaidi ya daktari anayeijua kando ya ziwa hilo.

Wasomaji wawili, pande mbili za mstari

Sheria moja ya mapitio ya kimfumo inaonekana kama mzigo, lakini kwa Kivu inaweza kuwa faida. Makala huchaguliwa na watu wawili, kila mmoja peke yake bila kuona uamuzi wa mwenzake. Baadaye wanalinganisha. Wakitofautiana, wanajadili au wanamwita mtu wa tatu.

Watu hao hawalazimiki kukaa chumba kimoja, wala mji mmoja. Daktari mmoja anaweza kuwa Goma na mwingine katika Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, Butembo. Msimamizi anaweza kuwa Bukavu au Kinshasa. Kinachovuka mstari wa mapigano ni orodha ya makala tu, na hakuna kizuizi cha barabarani kinachoitoza kodi.

Vifaa navyo si vya ajabu. Programu kama Zotero ni ya bure, na hufanya kazi hata intaneti ikikatika. Muhtasari wa makala ni maneno kama 300; mamia yake hupakuliwa kwa mega chache, yakasomwa usiku bila mtandao. Kiwanja haiko gizani kabisa: kituo cha umeme cha Matebe, kilichofunguliwa mwaka 2015 katika wilaya hiyo hiyo ya Rutshuru, kimekuwa kikileta umeme katika eneo hilo. Kinachokosekana zaidi ni saa. Daktari mwenye zamu ya usiku na wagonjwa wa risasi hawezi kusoma makala 800 kama hajapewa siku maalumu za kazi hiyo.

Mitego ya kuepuka

Mapitio ya kimfumo si dawa ya kila kitu. Unga mchafu hautoi ugali msafi.

Mwaka 2021 dunia ilibishana juu ya ivermectin, dawa ambayo Wakongo wengi wanaifahamu kwa kugawiwa vijijini dhidi ya upofu wa mtoni. Mapitio kadhaa yalidai kwamba inapunguza sana vifo vya Covid-19. Sehemu kubwa ya nguvu ya madai hayo ilitoka katika utafiti mmoja wa Misri uliokuwa bado haujahakikiwa. Aliyegundua kasoro zake hakuwa profesa. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili ya tiba London, Jack Lawrence, aliyepewa makala hiyo kama zoezi la masomo. Alikuta aya zilizonakiliwa na takwimu zisizolingana. Julai 2021 utafiti huo ukaondolewa, na mapitio yaliyokuwa yameuegemea yakalazimika kuhesabiwa upya. Mwanafunzi mwenye kusoma kwa makini alifanya kilichowashinda wakubwa wake.

Mtego wa pili ni kuhamisha jibu bila kuuliza mazingira. Sindano za steroidi kwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati zimethibitishwa katika nchi tajiri tangu jaribio la kwanza la mwaka 1972, na matokeo ya mapitio yake ndiyo yaliyochorwa katika nembo ya Cochrane. Lakini zilipopelekwa katika jamii za nchi sita zenye kipato kidogo, Kenya ikiwemo, matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga viliongezeka kidogo badala ya kupungua. Mwaka 2020 jaribio jingine la OMS, katika hospitali 29 za nchi tano zenye uwezo wa kutunza watoto hao, lilionyesha faida: vifo vilishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Sindano ni ile ile. Tofauti ni hospitali, na uhakika wa umri wa mimba. Daktari wa Rutshuru lazima ajiulize hospitali yake inafanana na ipi.

Mtego wa tatu ni lugha. Mapitio mengi duniani hukusanya makala za Kiingereza tu, na kazi za Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu zilizoandikwa kwa Kifaransa, kama zile za Annales Africaines de Médecine, hubaki nje kana kwamba hazikuandikwa. Daktari wa Kivu anayesoma Kifaransa na Kiingereza anaweza kuona ambacho mwenzake wa London hakioni.

Na mtego wa nne ni mpya: programu za akili bandia. Zinaweza kusaidia kutafsiri au kupanga, lakini zimekwisha kujulikana kwa kubuni makala ambazo hazipo, zikiwa na waandishi na mwaka kamili. Kila rejeo lazima lifunguliwe na kusomwa na mtu.

Maktaba haiwezi kuchukua nafasi ya wodi

Kuna hoja ya kupinga, na ina nguvu. Ikiwa madaktari wote wa Kivu watabaki kusoma tafiti za wengine, nani atahesabu wagonjwa wa Kivu? Mapitio ya kesho yatajazwa na Dhaka na London, na Kiwanja itakuwa nafasi tupu kwenye ramani. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma, Msalaba Mwekundu wa kimataifa ulilazimika kuonya juu ya usalama wa maabara ya INRB mjini humo. Maabara, mafaili na watafiti vinahitaji ulinzi, na hakuna utafutaji wa mtandaoni unaoweza kuvirudisha vikipotea.

Lakini njia hizi mbili hazigombani. Mapitio mazuri huonyesha pengo lilipo, ili siku barabara itakapofunguka mtafiti asiende kuuliza swali lililokwisha kujibiwa. Utafiti wa Uvira ulikuwa na thamani kwa sababu ulijibu kilichokuwa hakijulikani: dozi moja inadumu muda gani katika mji wa Kongo.

Hatua za kwanza hazihitaji mkutano wa wafadhili. Hospitali na vyuo vya Goma, Rutshuru na Butembo vinaweza kuhakikisha mwezi huu kama vimesajiliwa HINARI, na neno la siri liko kwa nani. Vinaweza kumfundisha mkutubi mmoja kila mahali kutafuta kwa lugha mbili. Vitivo vya tiba vinaweza kukubali rasmi mapitio ya kimfumo kama kazi kamili ya kumaliza ubingwa, yafanywe na wanafunzi wawili au zaidi, kwa muda unaotosha. Na wasimamizi wanaweza kudai kwamba swali litoke wodini, si mtandaoni.

Maana mwisho wa hesabu, anayesubiri si mtahini. Ni mama aliyekaa kwenye benchi la hospitali na mtoto mwenye joto kali, asiyejua kama daktari aliyeko zamu amesoma kilichoandikwa mwaka jana au anakumbuka tu alichofundishwa miaka kumi iliyopita.